Vijana Waliokataa Kutengana

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 1:26, 27, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Esta 4:10–16, Wagalatia 2:11–14, Yakobo 3:9, 10.

Huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na ndugu wasio Wayahudi. Alikula nao kwa moyo mweupe, kwa maana kabla ya kuingia nyumbani kwa Kornelio Bwana alikuwa amekwisha kumfundisha asimwite mtu awaye yote najisi. Kisha wakafika watu kutoka kwa Yakobo, na Petro akaanza kusogea. Paulo hasemi kwamba Petro alimtukana mtu, wala hasemi kwamba alihubiri fundisho geni. Alihama meza tu. Wayahudi wengine wakahama naye, hata Barnaba akachukuliwa na mkumbo huo. Paulo akamkemea mbele ya wote, na sababu aliyoitoa ni nzito: mwenendo ule haukwenda sawasawa na kweli ya injili.

Ni vizuri tukae kidogo juu ya jambo hili kabla ya kusonga mbele. Mtu ameinuka kutoka meza moja, akaenda kukaa kwenye meza nyingine. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyenyimwa chakula. Inawezekanaje kuhama meza kuwe kosa dhidi ya injili?

Darasani swali hilo hujibiwa upesi, kwa sababu tunalijibu tukiwa tumekaa salama. Wapo vijana wa ukanda wetu huu waliolijibu usiku, mbele ya bunduki.

Usiku wa Machi 18, 1997

Nyange iko magharibi mwa Rwanda, katika eneo ambalo wakati ule lilikuwa chini ya mkoa wa Kibuye. Jioni ya Machi 18, 1997, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa shule ya sekondari ya hapo walikuwa madarasani wakijisomea, kama ilivyo desturi ya shule za bweni baada ya chakula cha jioni. Wakaingia watu wenye silaha. Walikuwa waasi ambao Wanyarwanda waliwaita abacengezi, yaani wapenyezaji, wengi wao wakiwa mabaki ya jeshi la zamani na wanamgambo wa Interahamwe walioshiriki mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Agizo lao lilikuwa moja: Wahutu wakae upande huu, Watutsi upande ule.

Wanafunzi hawakusogea. Walijibu kwamba mle ndani hakuna Wahutu wala Watutsi, wote ni Wanyarwanda. Wale watu wakafyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono ndani ya madarasa. Wanafunzi sita waliuawa, na wengi walijeruhiwa. Taifa la Rwanda limewaweka wanafunzi hao, waliokufa na waliobaki hai, katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, na hukumbukwa kila Februari 1, siku ya mashujaa.

Juma la sita baadaye, Aprili 30, 1997, jambo kama hilo lilitokea katika nchi jirani ya Burundi, kwenye seminari ndogo ya Kikatoliki ya Buta. Washambuliaji waliwaamuru wavulana wajitenge, Wahutu na Watutsi. Wakakataa. Vijana 40 waliuawa.

Sisi tunaofundisha vijana tunapaswa kujua walikuwa vijana wa namna gani, maana habari za mashujaa zikisimuliwa haraka huwageuza watu kuwa sanamu. Mwanafunzi wa kidato cha sita mwaka 1997 alizaliwa karibu na mwisho wa miaka ya 1970. Alikulia katika nchi ambayo kabila liliandikwa kwenye kitambulisho, utaratibu ulioanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 na kuachwa ukiendelea hata baada ya uhuru. Wengi waliosoma shule za msingi wakati huo wanasimulia jinsi mwalimu alivyowaambia watoto wa Kihutu wasimame, kisha watoto wa Kitutsi wasimame, ili ahesabu na kuandika. Kwa hiyo agizo la kutengana halikuwa geni masikioni mwao. Walikuwa wamelisikia kwa sauti ya upole, likitoka kwa mwalimu mwenye chaki mkononi, muda mrefu kabla ya kulisikia kutoka kwa mtu mwenye bunduki.

Isitoshe, mwaka huo magereza ya Rwanda yalikuwa yamefurika watu zaidi ya 100,000 walioshukiwa kwa mauaji ya 1994. Katika shule za nchi ile mtoto aliyefiwa na wazazi wake aliweza kujikuta darasa moja na mtoto ambaye baba yake yuko gerezani kwa tuhuma hizo. Wanafunzi wa Nyange hawakuwa watoto wasiojua kitu juu ya chuki. Waliijua kuliko sisi. Na bado walipoambiwa wachague upande, kila mmoja alibaki alipokuwa amekaa.

Hatua chache tu

Kila habari hii inaposimuliwa katika semina za walimu, yupo anayenyoosha mkono kuuliza, naye ana haki ya kuuliza. Mwanafunzi Mhutu angepiga hatua chache tu kwenda ukutani. Asingeshika silaha, asingemwaga damu. Uhai wake ni zawadi ya Mungu, na nyumbani ana mama anayemsubiri. Tena kwa kukaa kwake hakumzuia mwenye bunduki asifyatue. Basi, je, angetenda dhambi kama angesogea?

Swali hili halistahili jibu la kupayuka. Nitajibu kwa sehemu.

Kwanza tuangalie agizo lenyewe lilihitaji nini. Wale watu walikuwa na silaha, lakini hawakujua nani ni nani. Sura hazikuwaambia, lugha haikuwaambia, maana Wahutu na Watutsi wanasema Kinyarwanda kimoja. Waliojua ni wanafunzi. Muuaji alikuja na kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa mikononi mwa wale aliotaka kuwaacha hai. Aliwaomba wamkabidhi. Mwenye kusogea ukutani hakuwa anaokoa nafsi yake tu. Alikuwa anakamilisha orodha. Hili ndilo jambo ambalo mtu akiwa na hofu hulisahau: mara nyingi uovu mkubwa hauhitaji tuufanye, unahitaji tuwatambulishe wanaotakiwa, kisha tukae kando.

Pili, kuna kile ambacho hatua zenyewe zinasema. Kwa kusogea, mtu anakubali kwa miguu yake kwamba kipimo cha yule mwenye bunduki ni kipimo cha kweli. Kiswahili chetu kina neno utu, nalo tunalitumia kwa namna mbili bila kufikiri. Tunasema fulani ana utu, tukimaanisha mwenendo wake: ana huruma, ana haya, anajua kuishi na watu. Utu wa namna hii huongezeka na kupungua, na kuna anayeupoteza kabisa. Lakini Mwanzo 1:27 inazungumza jambo lililo chini zaidi ya mwenendo. Kabla Adamu hajafanya kazi yoyote, kabla hajamtii Mungu hata siku moja, alikuwa amekwisha kuumbwa kwa mfano wake. Baada ya gharika, wakati wanadamu walikuwa wamekwisha kuonyesha wanavyoweza kuharibika, Mwanzo 9:6 bado inautaja mfano huohuo kuwa sababu ya kutomwaga damu ya mtu. Na Yakobo, akiandika juu ya ulimi, anasema wale tunaowalaani wamefanywa kwa mfano wa Mungu. Hatafuti kwanza kujua kama wana tabia njema.

Kwa hiyo heshima ya mwanadamu haitolewi na serikali, ingawa ni vizuri serikali iilinde, na ni vizuri kwamba mwaka 1948 mataifa yaliandika katika kifungu cha kwanza kabisa cha Tamko la Haki za Binadamu kwamba watu wote ni sawa katika hadhi na haki. Haitolewi na kabila, wala na kanisa. Kazi yetu ni kuitambua tu. Mtu anayesogea ukutani anasema, hata kama moyoni hakubaliani, kwamba ipo karatasi inayoweza kuifuta.

Tatu, na hapa naomba tusiwe wepesi, hakuna anayeweza kumdai mtoto wa miaka kumi na minane afe. Kama mmoja wao angesogea, nisingekuwa mtu wa kwanza kumtupia jiwe, wala wa mwisho. Petro alihama meza kwa kuwaogopa watu ambao hawakuwa na silaha yoyote, naye aliendelea kuwa mtume. Kabla ya hapo alimkana Bwana mbele ya kijakazi, na Bwana akamrudisha kazini kando ya bahari. Neema ipo kwa waliosogea. Lakini kuwahurumia walioshindwa ni jambo moja, na kuwalea vijana wetu kana kwamba kushindwa ndiko kwa kawaida ni jambo lingine.

Esta naye alikuwa na mahali pa kusogea. Alikuwa ameficha kabila lake kwa shauri la Mordekai, na jumba la mfalme lilikuwa na kuta nene. Jibu la Mordekai katika Esta 4 halimtishi tu. Linamfunulia kwamba kujitenga na watu wake ndani ya jumba lile si usalama kama anavyodhani. Musa vilevile, Waebrania 11:24–26 inamtaja kuwa alichagua kuwa pamoja na watu waliodharauliwa, ingawa alikuwa na jina lingine la kutumia. Maandiko yana habari nyingi za vijana waliokataa kusujudu. Hizi ni habari za vijana waliokataa kutengana, nazo tunazihubiri mara chache zaidi. Kwa nini?

Sabato ya Aprili 16, 1994

Hapa sisi Waadventista hatuna budi kujisema wenyewe, maana tukiwasema wengine tu tutakuwa tumehama meza.

Katika mkoa huohuo wa Kibuye, mahali paitwapo Mugonero, kanisa letu lilikuwa na eneo lenye kanisa, shule na hospitali. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, Watutsi wengi walikimbilia pale, wakiwemo wachungaji wetu na familia zao. Walikimbilia pale kwa sababu walituamini. Wachungaji hao waliandika barua kwa kiongozi wa kanisa katika eneo lile, mchungaji mwenzao, wakimwomba awaombee kwa wenye mamlaka, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba kesho yake watauawa. Walishambuliwa Aprili 16. Ilikuwa Jumamosi, siku ya Sabato. Februari 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi hapa Arusha, ilimtia hatiani kiongozi yule pamoja na mwanawe aliyekuwa daktari katika hospitali ileile.

Siku hiyohiyo, Aprili 16, kule Nyange kanisa la Kikatoliki ambamo Watutsi zaidi ya 1,500 walikuwa wamejihifadhi lilibomolewa kwa tingatinga, watu wakiwa ndani. Padri wa parokia ile naye alihukumiwa na mahakama hiyo ya Arusha. Basi hakuna dhehebu linaloweza kumnyoshea mwenzake kidole. Na wale wanafunzi wa 1997 walikuwa wakisomea katika Nyange ileile, mahali ambapo watu wazima wenye joho walikuwa wamepewa mtihani uleule miaka mitatu kabla.

Haki inatudai tuseme pia kwamba wapo waliosimama. Mkurugenzi wa ADRA nchini Rwanda, mmishonari wa Kimarekani aitwaye Carl Wilkens, alikataa kuondoka Kigali wakati Wamarekani wenzake walipohamishwa, akabaki akipeleka maji na chakula, na aliingilia kati watoto wa kituo cha yatima cha Gisimba walipokuwa karibu kuuawa. Wapo na waumini wa kawaida waliowaficha majirani. Mungu anawajua.

Hata hivyo swali la Mugonero halituachi. Watu wa pale walijua kweli ya Sabato. Waliitetea. Walijua unabii wa Danieli na nyakati zake. Inakuwaje mtu aweze kusimama imara kwa siku ya Bwana na asisimame kwa jirani yake siku hiyohiyo?

Naona sehemu ya jibu iko katika jinsi tunavyofundisha, na kwa kuwa elimu ya kanisa ndiyo kazi yangu, naisema wazi. Tumewafundisha vijana wetu ujasiri wa aina moja. Mwanafunzi wa Kiadventista katika shule ya serikali anajua la kufanya mtihani ukipangwa Jumamosi. Anajua kumwandikia mkuu wa shule, anajua kuomba nafasi ya siku nyingine, na wengine wamekubali kurudia mwaka kuliko kuvunja Sabato. Tunawapongeza mbele ya kanisa, na tunafanya vema. Lakini kijana huyohuyo akiwa bwenini na wenzake wakawa wanamcheka mwanafunzi kwa kabila lake au kwa umaskini wa kwao, hajui kwamba huo nao ni mtihani. Hatujamwambia. Tumemwambia kwamba tanuru la moto liko upande wa amri nne za kwanza tu.

Inafaa kumjua hapa kijana mmoja wa kanisa letu, wa nchi ya mbali na wakati mwingine, kwa sababu kwake ujasiri wa aina zote mbili ulikua katika nyumba moja. John Weidner, Mholanzi, alizaliwa mwaka 1912, mwana wa mchungaji wa Kiadventista. Familia ilipoishi Uswisi, sheria ilitaka watoto waende shule hata Jumamosi. Baba yake alikataa kuwapeleka, akawa tayari kulala gerezani kwa ajili hiyo. John alisoma katika shule yetu ya Collonges, Ufaransa, chini ya mlima Salève, karibu kabisa na mpaka wa Uswisi. Wanazi walipoanza kuwakamata Wayahudi, John, akiwa na miaka kama thelathini, aliitumia milima aliyoifahamu tangu ujana kuwavusha mpakani. Mtandao aliouanzisha, ulioitwa Dutch-Paris, uliokoa watu wapatao 1,000, wengi wao Wayahudi, na miongoni mwao marubani wa jeshi walioangushwa. Dada yake Gabrielle, aliyekuwa karani katika ofisi ya kanisa letu Paris, alikamatwa Februari 1944, akapelekwa kambini, akafa Februari 1945 kutokana na njaa na mateso ya huko. Alikuwa na miaka 30.

Mtoto aliyemwona baba yake akienda gerezani kwa sababu ya amri ya nne alijifunza kwamba kuna maagizo ya serikali ambayo mtu hatii. Ujana wake ulipokutana na agizo la kuwatenga Wayahudi, hakuhitaji kujifunza upya.

Amri yenyewe inavyosomeka

Na si ajabu, kwa maana amri ya Sabato haiko upande mmoja wa mbao kama tunavyodhani. Tuisome polepole katika Kumbukumbu la Torati 5:14, 15. Inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Kisha inaeleza sababu ambayo katika Kutoka 20 haikuelezwa hivyo: mtumwa na mjakazi wapumzike kama mwenye nyumba apumzikavyo, kwa maana Israeli naye alikuwa mtumwa Misri. Siku sita watu wana vyeo. Kuna anayetuma na anayetumwa. Siku ya saba amri inawakalisha wote pamoja. Kumtenga mtu mmoja katika pumziko hilo ni kuivunja amri ileile tunayojulikana kwayo.

Hapa nataka kuzungumza na vijana wetu wa Tanzania na Kenya kwa habari ya nyumba zetu.

Katika nyumba nyingi za waumini, hasa mijini, yupo dada wa kazi. Mara nyingi ni kijana, wakati mwingine ni mdogo kuliko watoto wa nyumba hiyo wanaoimba kwaya. Sabato asubuhi familia inavaa, gari linatoka getini, naye anabaki. Nyumba haiwezi kuachwa peke yake, tunasema, na wageni wanakuja mchana. Anapika siku ambayo sisi tumekatazwa kupika, ili sisi tuitunze siku ambayo yeye hatunzi. Jioni tunafunga Sabato kwa wimbo sebuleni naye yuko jikoni anaosha vyombo. Wengine wanamwekea sahani yake na kikombe chake kando. Hakuna aliyemtukana. Amehamishiwa meza nyingine tu.

Wazazi wengi watakaposoma hapa watasema kwamba mambo ya nyumba yana taabu zake, na ni kweli yana taabu. Wezi wapo. Mtoto mchanga yupo. Lakini nimeona ya kwamba mabadiliko katika jambo hili huanza na vijana wa nyumba kuliko wazazi. Binti wa kidato cha tatu anasema, mama, leo nabaki mimi, dada aende, Sabato ijayo tutabadilishana. Kijana wa kiume anachota maji Ijumaa na kumenya viazi kabla jua halijazama, ili Jumamosi jiko lisiwake. Hayo hayaandikwi katika taarifa ya idara ya vijana, na hakuna beji ya Watafuta Njia inayotolewa kwa ajili yake. Afadhali ingekuwepo.

Iko na simu. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na sehemu ya moto ule ilisambazwa kwa ujumbe mfupi wa simu, mtu akimtumia mwenzake aliyemwamini. Leo ujumbe wa namna hiyo huja kwanza kama kichekesho: kabila fulani ni wachoyo, fulani ni wachawi, wa mkoa fulani wana ushamba. Huja hata kwenye kundi la kwaya, kati ya tangazo la mazoezi na fungu la asubuhi. Kila mtu anacheka, na aliyetajwa anacheka pia, kwa kuwa asipocheka ataonekana hana utani. Na utani wa makabila tunao tangu mababu, si wote ni ubaya. Mwenye akili anajua tofauti ya utani wa watani wanaozikana na kicheko kinachompunguza mtu. Kijana akiandika kwa adabu kwamba hilo tusilitume hapa, atakuwa amepoteza dakika moja na labda marafiki wawili. Ni bei ndogo, lakini huko ndiko mtu anakojifunza kutosogea.

Ninasema anakojifunza, kwa maana siamini kwamba wanafunzi wa Nyange waliamua usiku ule. Muda haukutosha. Katika dakika chache zile za hofu mtu hafikiri hoja, hutenda alichozoea. Kama walikuwa wamezoea kuazimana madaftari, kusaidiana hesabu, kukaa na mwenzao aliyeletewa habari ya msiba, basi agizo la kutengana liliwakuta wakiwa tayari hawajui pa kusogea. Nani angekuwa upande gani? Dawati walilokaa lilikuwa la wote.

Kwa hiyo mwalimu wa darasa asitumie muda wote kuwauliza vijana kama wangekubali kufa. Swali hilo hujibiwa kwa urahisi mno, na wanaolijibu kwa sauti kubwa si lazima wawe ndio watakaosimama. Petro naye alilijibu kwa sauti kubwa. Awaulize juu ya juma lililopita. Ni nani katika shule yenu anayekula peke yake, na ni kwa sababu gani? Katika kamati ya uchaguzi ya kanisa, je, kuna jina lililopita au kukwama kwa sababu ya kabila, na waliokuwapo walinyamaza? Sabato hii asubuhi, wakati sisi tunajifunza lesoni hii, ni nani aliyebaki nyumbani kwenu akilinda geti na kuandaa chakula cha mchana, na je, unajua jina lake kamili, kijiji alichotoka, na kama angependa kuja?